Aina za Bima ya Afya na Matibabu ya Watoto Wenye Pumu Hospitalini: Historia ya Wilaya za Mbulu na Hanang, 1993–2023

Utangulizi

Mijadala kuhusu bima ya afya nchini Tanzania imetawaliwa na maswali mawili: watu wangapi wamejiandikisha, na fedha kiasi gani zimekusanywa. Swali la tatu, yaani mgonjwa wa aina fulani alipata huduma gani baada ya kadi yake kukubaliwa dirishani, limeachwa pembeni mara nyingi. Insha hii inalichukua swali hilo la tatu na kulifuatilia kihistoria kupitia kundi moja la wagonjwa, yaani watoto wenye pumu, katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Kipindi kinachohusika kinaanza mwaka 1993, serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, na kuishia mwaka 2023, Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Pumu imechaguliwa kwa sababu inaipima bima mahali inapoelekea kuwa dhaifu. Malaria au nimonia huanza, hutibiwa na huisha. Pumu huja kwa vipindi, lakini ugonjwa wenyewe hauondoki. Mtoto aliyebanwa na kifua usiku anahitaji oksijeni, salbutamoli ya kuvuta na dawa jamii ya steroidi kama prednisoloni, na kwa kawaida hupata nafuu ndani ya saa au siku chache. Baada ya hapo anahitaji matibabu ya namna nyingine kabisa: dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe wa njia za hewa, kama vile beklometasoni, kila siku, kwa miezi na pengine miaka, hata siku ambazo anacheza mpira bila shida yoyote. Mfuko unaolipia matibabu ya aina ya kwanza si lazima ulipie ya pili. Hapo ndipo historia ya mifuko hii inapoanza kuwa na maana kwa mtoto mmoja mmoja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mifuko iliyotumika Mbulu na Hanang iliundwa kila mmoja kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na mtoto mwenye pumu aliyevuka umri wa miaka mitano hakuwa mgonjwa aliyekusudiwa na mfuko wowote kati ya hiyo. Ili kuonyesha hilo, insha inasoma sheria, viwango vya michango na mafao ya mifuko, na kuvilinganisha na mahitaji ya ugonjwa wenyewe. Dhana ya ubora wa huduma inatumika kwa maana aliyoiweka Avedis Donabedian mwaka 1966, ya muundo, mchakato na matokeo, ingawa uzito mkubwa unawekwa kwenye mchakato: nani alimwona mtoto, alimpa nini, na alimwambia arudi lini.

Wilaya mbili na hospitali zake

Mbulu na Hanang ziko katika nyanda za juu kando ya Bonde la Ufa. Hadi mwaka 2002, ulipoundwa Mkoa wa Manyara, zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Wairaqw ndio wengi upande wa Mbulu. Hanang kuna Wabarbaig wa jamii ya Wadatoga, Wairaqw, Wanyiramba na wengine. Na upande wa bonde la Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe. Mazingira haya hayamsaidii mwenye pumu. Baridi ya Juni na Julai ni kali, chakula hupikwa kwa kuni ndani ya nyumba, na katika ujenzi wa jadi wa Wairaqw mifugo ililala chini ya paa moja na watu. Katika tambarare za Basotu, ambako mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalianzishwa kwa msaada wa Kanada kwenye ardhi ya malisho ya Wabarbaig, msimu wa kulima na kuvuna huja na vumbi lake.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba pumu ni ugonjwa wa mijini, na kwamba mtoto wa kijijini anayekua karibu na ng'ombe ana kinga. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Norwei miongoni mwa watoto wa shule wa vijijini mkoani Manyara, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba dalili za ugonjwa huo si ngeni kwa watoto hao. Jambo la kuzingatia ni muda uliopita kabla ya swali lenyewe kuulizwa. Utafiti mwingi wa afya ya watoto katika eneo hili ulihusu kuhara, utapiamlo, maambukizi na vifo vya uzazi, kwa sababu ndivyo vilivyoua wengi. Ugonjwa usioua wengi, lakini unaomnyima mtoto usingizi na masomo, ulisubiri.

Mtandao wa hospitali ulijengwa na mikono miwili. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 na Misheni ya Kilutheri ya Norwei, na kwa miongo kadhaa ilihudumia watu kutoka Mbulu, Hanang, na hata Iramba na Meatu. Mwaka 2010 ilipandishwa hadhi na kuwa hospitali ya rufaa ngazi ya mkoa. Serikali nayo ilikuwa na hospitali ya wilaya mjini Mbulu, na baadaye Hospitali ya Tumaini mjini Katesh, makao makuu ya Hanang, pamoja na zahanati na vituo vya afya vilivyoongezeka vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967. Katika hospitali za serikali huduma ilikuwa bure. Katika hospitali za misheni mgonjwa alichangia kidogo, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili wa ng'ambo. Kwa Haydom, ruzuku ya Norwei ndiyo iliyofanya bei ziwe chini kuliko gharama halisi. Kwa hiyo, kabla neno bima halijasikika wilayani humo, tayari kulikuwa na mlipaji wa tatu asiyeonekana dirishani. Jambo hili husahaulika watafiti wanapolinganisha hospitali za dini na za serikali kana kwamba zilianza mbio kutoka mstari mmoja.

Kutoka huduma bure hadi papo kwa papo

Mwaka 1993, chini ya shinikizo la kupunguza matumizi ya serikali, uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za rufaa, kisha ukashuka hatua kwa hatua hadi hospitali za mikoa na wilaya. Pamoja nao ilikuja orodha ya misamaha. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano na wajawazito walitibiwa bila malipo, na baadhi ya magonjwa ya muda mrefu yaliingizwa katika orodha hiyo. Mtu maskini asiyeweza kulipa naye alistahili msamaha, mradi athibitishwe.

Mwaka huohuo wa 1993, ng'ambo, wataalamu wa magonjwa ya mapafu walianzisha juhudi za kimataifa za kuweka miongozo ya pumu, zilizokuja kusisitiza kwamba kuituliza pumu kwa dawa ya kupanua njia za hewa pekee hakutoshi, na kwamba uvimbe wa ndani ndio unaopaswa kudhibitiwa. Sayansi ilikuwa inaelekea kwenye dawa ya kila siku wakati huohuo ambapo sera ya Tanzania ilikuwa inaelekea kwenye malipo ya kila ziara. Mambo haya mawili hayakupangwa yakutane, lakini yalikutana kwa mzazi wa Dongobesh au Endasak aliyepaswa kulipa tena kila alipokwenda kuchukua dawa ya mtoto ambaye, kwa macho, hakuwa anaumwa.

Malipo ya papo kwa papo yana tabia moja: humsubirisha mgonjwa. Mzazi mwenye mbuzi wa kuuza huuza mtoto anapozidiwa, si mtoto anapocheka. Kwa ugonjwa unaopanda na kushuka, hii ina maana kwamba mtoto hufika hospitalini akiwa katika hali mbaya kuliko zote, hutibiwa vizuri au vibaya, na huondoka bila kile ambacho kingemzuia kurudi.

Mfuko wa Afya ya Jamii na Hanang

Jibu la serikali kwa tatizo hilo vijijini lilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wananchi waliuita kwa kifupi CHF. Majaribio yalianza Igunga, Tabora, mwaka 1996, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Hanang ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufuata. Kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka, na serikali kuu ikaahidi kuongeza kiasi kilekile kwa utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Baba, mama na watoto wenye umri chini ya miaka 18 walitibiwa mwaka mzima bila kulipa tena katika kituo walichochagua. Bunge liliupa mfuko huo nguvu ya kisheria mwaka 2001.

Kwa mtazamo wa mtoto mwenye pumu, wazo hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia. Lilivunja uhusiano kati ya ziara na malipo. Mzazi aliyelipa baada ya kuuza mazao hakuwa na sababu ya kungoja mtoto azidiwe, na angeweza kurudi kliniki mwezi baada ya mwezi. Kama pumu ingekuwa ndiyo iliyokuwa akilini mwa waliobuni mfuko, wasingeweza kubuni njia bora zaidi ya kukusanya michango.

Tatizo lilikuwa upande wa mafao. Mfuko ulijengwa juu ya zahanati na kituo cha afya. Katika halmashauri nyingi kadi ilitambuliwa katika kituo kimoja tu, na huduma za hospitali ama hazikuhusika au zilihitaji barua ya rufaa na makubaliano maalumu. Ngazi ya zahanati ilikuwa na dawa za malaria, za kuhara na viuavijasumu. Dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu iliwekwa na miongozo ya dawa katika ngazi za juu zaidi, mahali penye daktari. Hivyo kadi ilimfungulia mtoto mlango wa nyumba ambayo haikuwa na kile alichokifuata. Na pale ambapo hospitali iliyo karibu ilikuwa ya dhehebu la dini, mwanachama alitegemea kuwepo kwa mkataba wa huduma kati ya halmashauri na hospitali hiyo. Bila mkataba, kadi ilibaki karatasi.

Tathmini iliyofanywa Hanang na Chee, Smith na Kapinga mwaka 2002 inabaki kuwa chanzo muhimu kuhusu miaka ya mwanzo. Ilionyesha uandikishaji mdogo, na kaya nyingi kupendelea kulipa zinapougua kuliko kulipa mapema. Sababu zilizotajwa katika tathmini hiyo na nyingine za wakati huo katika wilaya mbalimbali zinafanana: ubora duni wa huduma vituoni, upungufu wa dawa, ugumu wa kupata fedha kwa mkupuo, na kutoamini namna michango ilivyotumika. Baadhi ya wasomaji wa tathmini hizo wamehitimisha kwamba wananchi hawakuielewa dhana ya bima. Hitimisho hilo ni jepesi mno. Mfugaji wa Kibarbaig anayehamisha ng'ombe kati ya Basotu na malisho ya mbali aliielewa vizuri sana kadi inayofanya kazi katika zahanati moja: aliona kwamba haikumfaa. Mkulima wa Kiiraqw aliyekuta dawa zimeisha mwezi wa tatu baada ya kulipa alikuwa amepata elimu ya bima ya kutosha.

Kuhusu umaskini, sheria ya 2001 iliruhusu kaya isiyojiweza kupewa kadi ya msamaha kupitia kamati ya afya ya kata kwa mapendekezo ya ngazi ya kijiji. Lakini mfuko unaotegemea michango michache ulikuwa na hamasa ndogo ya kutoa kadi zisizoleta shilingi. Waliohitaji zaidi ndio walioonekana kuwa mzigo. Mantiki hii itajitokeza tena, kwa sura nyingine, miongo miwili baadaye.

Kadi ya mtumishi

Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, na mfuko huo ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Kadi ilimhusu mtumishi, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Kwa wilaya kama Mbulu na Hanang, hii ilimaanisha walimu, wauguzi, maofisa ugani na watendaji. Walikuwa wachache, lakini walikuwa na mshahara wa kila mwezi, na mfuko wao ulikuwa na mafao ambayo CHF haikuwahi kuyakaribia.

Tofauti ya msingi kati ya kadi hizi mbili ilikuwa katika namna kituo kilivyolipwa. CHF iliingiza fedha katika akaunti ya halmashauri, na kituo kilisubiri mipango na vibali. Mtoto mmoja zaidi mwenye kadi alikuwa gharama kwa kituo bila mapato ya papo hapo. NHIF ililipa kwa kila huduma: kumwona daktari, kipimo, dawa na siku ya kulazwa. Mtoto wa mwalimu alipoandikiwa dawa ambayo hospitali haikuwa nayo, kulikuwa na fomu ya kuichukulia katika duka la dawa lililosajiliwa na mfuko. Mtoto wa mkulima aliandikiwa dawa ileile katika kipande cha karatasi na kuambiwa akanunue.

Ni hapa, kwenye kipande hicho cha karatasi, ambapo aina ya bima iligeuka kuwa tofauti ya matibabu. Tabibu mzoefu hujua ni karatasi gani itatimizwa na ipi itaishia mfukoni. Akijua kwamba familia haitanunua dawa ya kuvuta, humwandikia mtoto vidonge au dawa ya maji ya salbutamoli, ambayo ni rahisi na inapatikana, ingawa hufanya kazi polepole zaidi, huufanya moyo kwenda mbio na hutetemesha mikono. Uamuzi huo si uzembe. Ni huruma yenye hesabu. Hata hivyo, ukirudiwa kwa mamia ya wagonjwa, hugeuka kuwa desturi, na desturi hugeuka kuwa kiwango cha huduma kwa tabaka fulani la watoto.

Ikumbukwe pia kwamba NHIF haikuwa paradiso. Kulipa kwa kila huduma kunaweza kumfanya mgonjwa apimwe na kuandikiwa kuliko anavyohitaji, na mtoto mwenye pumu ambaye kila akikohoa hupewa kiuavijasumu hajapata ubora, amepata wingi. Marekani, ambako mpango wa serikali wa kuwalipia maskini, Medicaid, ulianzishwa mwaka 1965, swali la iwapo mtoto mwenye pumu mwenye bima ya serikali hupata huduma sawa na mwenye bima binafsi limechunguzwa kwa miaka mingi, na swali moja linalorudi huko ni kama tofauti huanzia wodini au nje yake: katika dawa ya kinga na katika ufuatiliaji. Swali hilo linafaa kuulizwa Katesh pia, ingawa mifuko ya huko ni mingine na umaskini wake ni mwingine.

Mpaka wa miaka mitano

Msamaha wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano unastahili kutazamwa kama aina ya bima, kwa kuwa ulikuwa mpana kuliko mifuko yote. Mtoto wa umri huo aliyefika katika kituo cha serikali hakupaswa kudaiwa. Lakini aliyefika akikohoa na kupumua haraka alikutana na mfumo uliojengwa kumwokoa na nimonia. Mwongozo wa pamoja wa matibabu ya watoto wa WHO na UNICEF, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea katikati ya miaka ya 1990, ulimfundisha mhudumu kuhesabu pumzi. Mtoto aliyepumua haraka kuliko kiwango aliwekwa katika kundi la nimonia na kupewa kiuavijasumu. Mwongozo huo umeokoa maisha ya watoto wengi na hauna haja ya kutetewa. Gharama yake ni kwamba mtoto anayekoroma kifua kwa sababu ya pumu naye hupumua haraka, na anaweza kutibiwa nimonia mara nne au tano kabla mtu hajajiuliza kwa nini nimonia hii hurudi kila baridi inapoanza.

Hivyo jina la pumu mara nyingi hupatikana mtoto anapokua, yaani karibu na siku ambayo msamaha wake unakwisha. Kabla ya miaka mitano alikuwa na haki ya dawa bila jina sahihi la ugonjwa. Baada ya hapo hupata jina, na haki ya dawa hutoweka. Hata kama ugonjwa wake ungehesabiwa kuwa wa msamaha kwa kuwa ni wa kudumu, msamaha huo ulikuwa wa bei tu, wala haukuijaza rafu iliyo tupu.

Takwimu nazo zilifuata mpaka uleule. Mfumo wa taarifa za huduma za afya, MTUHA, ulioenea nchini katika miaka ya 1990, uliwagawa wagonjwa wa nje katika walio chini ya miaka mitano na waliozidi hapo. Baadaye makundi yaliongezeka, lakini kundi la kuanzia miaka 5 hadi chini ya 60 lilibaki moja. Mtoto wa darasa la pili na baba yake anayevuta tumbaku huingia katika safu moja ya ripoti. Halmashauri inayopanga bajeti ya dawa kwa kutumia ripoti hizo haiwezi kumwona mtoto wa miaka saba mwenye pumu, si kwa sababu hayupo, bali kwa sababu safu yake haipo.

Je, tatizo ni bima?

Msomaji anaweza kupinga kwamba yote haya ni tatizo la dawa na wataalamu, na kwamba bima ni pazia tu. Pingamizi hili lina nguvu. Bohari ya Dawa ilipokosa bidhaa, ilikosekana kwa wote. Wilaya zilikuwa na madaktari wachache, na wa watoto walikuwa wachache zaidi. Mwenye kadi ya NHIF anayeishi kijiji cha mbali na Haydom, kwenye barabara isiyopitika masika, hana faida kubwa kuliko jirani yake asiye na kadi usiku mtoto anapobanwa.

Pamoja na hayo, pingamizi hilo linachukulia kwamba upatikanaji wa dawa na aina ya malipo ni mambo mawili yaliyotengana. Historia inaonyesha kinyume. Duka la dawa la Katesh huweka dawa ambayo kuna mtu atailipia. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanza Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, uliunganishwa na NHIF ili wanachama wapate dawa vijijini, na pale ulipofika, rafu zilifuata kadi. Vivyo hivyo, utaratibu wa mshitiri ulioanzia Dodoma mwaka 2014, wa vituo kununua kwa muuzaji wa mkoa dawa zilizokosekana bohari, ulihitaji kituo kiwe na fedha zake mkononi. Kituo chenye wanachama wengi wa mfuko unaolipa kwa wakati kiliweza kuutumia, na chenye wagonjwa wa msamaha watupu kilibaki na kibali bila fedha. Kwa hiyo bima haikuwa pazia mbele ya upungufu. Ilikuwa mojawapo ya mikono iliyoamua upungufu ukae wapi.

Kuna pia mambo ambayo hayahitaji bima yoyote. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa ili kichwa cha pampu kiingie, humfikishia mtoto aliyebanwa dawa ya kuvuta sawa na kifaa cha kununua. Chupa hizo zimejaa kandokando ya barabara ya Babati hadi Singida. Lakini chupa bila pampu ni chupa.

Kaya ya watu sita

Mwaka 2018 CHF ilisukwa upya na kuitwa CHF iliyoboreshwa. Mchango uliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, uandikishaji ukahamia vijijini kwa maofisa wenye simu, na mafao yakapanuliwa kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa utaratibu wa rufaa. Kwa mtoto mwenye pumu hii ilikuwa hatua ya kweli: kwa mara ya kwanza kadi ya mkulima ilikusudiwa kuvuka mlango wa hospitali. Ukomo wa watu sita, hata hivyo, ulichorwa na mtu mwenye picha ya kaya ya mjini. Katika boma la Kibarbaig lenye wake wawili au zaidi, au nyumba ya Kiiraqw yenye watoto saba na bibi, mkuu wa kaya hulazimika kuchagua nani aandikwe. Mzazi mwenye busara huandika wanaougua mara kwa mara. Kwa mzazi huo ni uamuzi wa kawaida. Kwa mhasibu wa mfuko ni hatari.

Kisa cha Toto Afya Kadi kinaonyesha hatari hiyo ilivyotafsiriwa. NHIF iliianzisha kadi hiyo mwaka 2016: kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto yeyote mwenye umri chini ya miaka 18 alipata mafao ya mfuko wa taifa bila kujali kazi ya mzazi wake. Katika historia yote iliyoelezwa hapa, hii ndiyo kadi pekee iliyomtazama mtoto mwenyewe, badala ya kumtazama kama mkia wa mshahara au wa kaya. Mkulima wa Dareda au Gidas aliyeuza ng'ombe mmoja aliweza kumweka mwanawe katika daraja moja na mtoto wa mwalimu wake. Mwezi Machi 2023 mfuko ulisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, kwa maelezo kwamba wazazi wengi walikuwa wakiandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa, na matumizi yakazidi michango kwa kiasi kikubwa.

Kihesabu, maelezo hayo ni sahihi. Mfuko wa hiari unaowavutia wagonjwa peke yao hufilisika, na Rwanda, iliyoanza majaribio ya mifuko yake ya jamii mwaka 1999, ilifikia wananchi wengi sana baada ya kuufanya uanachama kuwa wajibu na kuwalipia maskini kutoka hazina. Lakini neno hasara lililotumika kuhusu Toto Afya Kadi lina historia ndefu kuliko kadi yenyewe. Mtoto aliyehitaji bima kwa sababu anaumwa ndiye aliyekuwa hasara, kama kaya maskini ya Hanang ilivyokuwa hasara kwa CHF ya mwaka 2001. Na mlango wa shule, uliofunguliwa badala yake, ulikuwa mwembamba kwa mtoto wa mfugaji anayehama, na kwa yule aliyeacha masomo kwa sababu kifua hakikumruhusu kutembea umbali wa kwenda shuleni.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza serikali igharamie matibabu ya majeruhi. Kwa siku hizo majeruhi alipokelewa bila kuulizwa kadi, msamaha wala fedha taslimu, na gharama ikaenda hazina moja kwa moja. Mwezi mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hospitali za Mbulu na Hanang ziliingia mwaka 2024 zikiwa na sheria hiyo mpya ikisubiri utekelezaji, CHF iliyoboreshwa yenye nafasi sita kwa kila kaya, NHIF ikipunguza bei inazowalipa watoa huduma, na safu ya MTUHA ya wagonjwa wa miaka 5 hadi chini ya 60 ikiwa bado moja.